Bega la Koti

Usimgusie Fides mashine yake. Hilo walilijua mawakala wote wa forodha pale Tunduma, hata wale wenye midomo waliozoea kuwafokea madereva wa malori. Ukiingia kwenye kibanda chake cha steshenari ukanyoosha kidole kwenye kipanya, atakuuliza, "Kaka, mimi nimeshawahi kuja kushika kalamu yako?" Mkono utaurudisha mwenyewe.

Na kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Hati za mizigo aliziskani nyeusi na nyeupe, nukta mia mbili kwa inchi, faili liwe jepesi, lipande kwenye barua pepe kabla umeme haujakatika. Picha za watu aliziskani kwa rangi, nukta mia sita, hata kama picha yenyewe ilikuwa ya zamani isiyo na rangi. Ule umanjano wa uzee, alisema, nao ni mali ya mwenye picha.

Ila kuna siku moja ilimtia adabu. Programu ya skana ilikuwa na viboksi vya kuweka tiki: ondoa vumbi, rudisha rangi, kata kingo. Mwanzoni aliviacha vyote na tiki zake, mashine ijiamulie. Ukatokea msiba wa fundi cherehani mmoja, Mzee Eliudi, familia wakaleta kapicha kadogo wakuziwe. Fides akaskani, akachapa, picha ikawekwa juu ya jeneza. Mjane akaiangalia, akapiga yowe mpaka wanakwaya wakakata wimbo. "Huyu nani? Jamani, mmeniletea nani?" Baka jeusi chini ya jicho, ambalo marehemu alizaliwa nalo, halikuwepo. Mashine ilikuwa imeliona ni vumbi, ikalifuta.

Fides alitamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo tiki zote akaziondoa, na kila picha akaikagua kwa jicho lake, kingo mpaka kingo.

Sasa mwaka 2012 akanunua skana mpya. Haikuwa skana ya hati tu, ilikuwa ile yenye taa ndani ya mfuniko, ya kuskani negativu, ile mikanda ya filamu za kamera za zamani. Watu wakamshangaa. Negativu? Tunduma hii ya simu za kamera, nani bado ana negativu? Mchumba wake, Jonasi, wakala wa forodha, mtu mpole wa kuongea kwa vituo, ndiye peke yake aliyejua sababu, na hata yeye aliona ni kujitafutia presha.

Sababu ilikuwa ni bega.

Fides alizaliwa Itaka, kwenye nyumba ya wakulima wa kahawa. Mama yake, Nesta, alikuwa Mnamwanga wa upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Mwaka 1987, Fides bado anatambaa, Nesta alishuka Tunduma kupiga picha ya pasipoti kwa ajili ya kibali cha kuvuka mpaka. Aliporudi, mumewe Osward akaikuta ile picha kwenye mkoba. Nesta alikuwepo, sawa, anaangalia mbele. Lakini kwenye ukingo, mkasi ulipopita, lilikuwa limebaki bega la mtu mwingine. Bega la koti la kiume, koti zito lenye kifungo cha shaba, limegandana na bega la Nesta utadhani ni mtu na hawara yake.

"Huyu ni nani?" Osward akauliza.

"Ni mtu tu. Tulikalishwa wote, picha ikakatwa."

"Mtu gani?"

Nesta akanyamaza. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Ukoo ukakaa kikao. Mpiga picha, Nikodemo, aliyekuwa maarufu mpakani pote, akafuatwa na kuulizwa. Akaapa kwamba yeye anapiga mtu mmoja mmoja, wawili ni mpaka waombe wenyewe. Basi, kesi imekwisha. Nesta akarudishwa kwao, na miaka michache baadaye akafa hukohuko. Mtoto naye alitaka kurudishwa, maana nani ajuaye ni wa nani, lakini mama yake Osward, Bibi Tabita, akasimama katikati ya kikao. "Mtoto habanduki hapa. Nitamlea mimi."

Na akamlea kweli. Alimbeba, akamsomesha kwa kahawa yake, akamnunulia viatu vya Krismasi kabla ya wajukuu wengine. Itaka yote na kijiji jirani cha Igamba walimsifu. Angalieni moyo wa mama yule, mkuu wa akina mama kanisani, analea mtoto wa hawara wa mkwewe kama wa tumbo lake! Na Fides, huku nyuma, aliitwa "mtoto wa koti". Baba yake hakumpiga, hakumtukana. Hakuwahi tu kumwita mwanangu. Akimtaka alisema, "Mwambieni yule binti wa bibi."

Sasa Jonasi alikuwa ameleta barua ya posa, na Jumamosi wazee wake wangefika Itaka. Osward akasema Jumamosi yeye atakuwa shambani. "Waende kwa mwenye koti, ndiye mwenye binti." Maneno hayo alimwambia mshenga usoni! Fides alipoyasikia hakulia. Alikaa kibandani akiitazama nusu ya picha ya mama yake, aliyopewa na mama mdogo wake Conjesta wa Nakonde, na akaona liwalo na liwe, atamtafuta mwenye bega. Kama ni baba yake, amjue. Kama si baba yake, basi watu wafunge midomo.

Nikodemo alikuwa ameshafariki. Mwanawe Shadrack, fundi simu, ndiye aliyeombwa, akaja Jumatano asubuhi na debe la biskuti kwapani, limejaa mikanda ya negativu iliyofungwa kwenye vipande vya gazeti, kila fungu na mwaka wake.

"Dada Fides, mimi hivi vitu nilitaka kuvichoma. Mzee mwenyewe kabla hajafa alikuwa anasema anavichoma kesho, anavichoma kesho."

"Kwa nini avichome?"

Shadrack akacheka. "Aibu ya kazi tu. Mzee alikuwa anabana filamu. Wakati ule filamu ilikuwa dhahabu, wewe utaijulia wapi? Basi anawakalisha watu wawili kwenye benchi, hawajuani hata majina, anapiga mara moja, halafu anaikata picha katikati kwa mkasi. Kila mtu anajua amepigwa yake."

Fides alikuwa anamimina chai. Chai ikajaa kikombe, ikamwagika mezani, ikashuka mpaka kwenye miguu yake, na hakuusikia moto wake.

"Wawili wawili?"

"Wawili wawili. Pasipoti zote."

"Wasiojuana?"

"Dada, chai hiyo."

Mungu wangu! Kumbe mama yake alisema kweli. Aliketishwa na mtu tu. Mwanamke kafukuzwa na mtoto akaitwa koti maisha yake yote, kwa sababu ya mkasi wa mtu anayebana filamu. Fides alihisi hasira inampanda mpaka masikioni. Nusura amrushie Shadrack kikombe, naye masikini hakuwa hata amezaliwa.

Akalitafuta fungu la 1987. Akainua mkanda mmoja mmoja kwenye mwanga wa mlango, nyuso nyeusi zimekuwa nyeupe na meno meupe yamekuwa meusi, hakuna unayemtambua. Ikabidi ziingie kwenye mashine. Akaufuta mkanda wa kwanza kwa kitambaa laini, akaulaza kwenye fremu yake ya plastiki, akafunga mfuniko. Akabonyeza. Ikatoka michirizi myeusi mitupu.

"Mashine mbovu," Shadrack akasema.

"Mashine haina ubovu, mimi ndiye nimechanganyikiwa." Alikuwa ameiacha kwenye hati, ile hali ya kupiga mwanga kutoka chini. Akabadilisha, akaweka filamu, taa ya mfunikoni ikawaka. Akachagua filamu ya rangi, watu wakatoka wa bluu kama waliozama. Akachagua negativu nyeusi na nyeupe. Hapo sasa watu wakaja. Wakaja wawili wawili, kama Shadrack alivyosema: padri na msichana, askari na kikongwe, mtu na adui yake pengine, wamekalia benchi moja, na karibu kila picha mmoja wao kavaa lile koti. Koti lenye kifungo cha shaba! Fides akashika mdomo.

"Hilo lilikuwa koti la studio," Shadrack akasema. "Ukija na nguo iliyochakaa mzee anakuvika. Mwanamume, mwanamke, wote."

Waliendelea hivyo mchana kutwa, mawakala wakija na hati zao Fides akiwaambia leo hakuna kazi. Walipofika mkanda wa mwisho wa lile fungu, kwenye kioo akatokea Nesta.

Nesta peke yake. Nesta na bega.

Mashine ilikuwa imekata karibu palepale ulipokata mkasi! Fides akakumbuka jeneza la Mzee Eliudi, na yowe la yule mjane. Kwenye upande wa filamu kulikuwa na tiki nyingine, mpya, asiyowahi kuiona: mashine itafute yenyewe mipaka ya picha. Picha hii ilikuwa ya mwisho kwenye mkanda, koti jeusi mashine ikalidhania ni ukingo wa filamu, ikalitupa nje na mwenye nalo.

"Na wewe pia?" akaiambia mashine. Akaitoa ile tiki. Akapandisha nukta mpaka elfu mbili na mia nne, akashika kipanya na kuchora mipaka kwa mkono wake mwenyewe, mwanzo wa filamu mpaka mwisho wake. Akabonyeza. Taa ikaanza kutambaa taratibu chini ya mfuniko, ikikwaruza kama panya darini.

Picha ikafunguka nzima. Nesta upande huu, kijana, anatabasamu kidogo. Upande wa pili, ndani ya koti kubwa la kiume, alikuwa mwanamke. Mtu mzima, kafunga kitambaa kichwani, macho yamemtoka kwa woga wa kamera. Na mkono wa Nesta ulikuwa umepita nyuma na kumshika bega, jinsi unavyomshika mgonjwa anayetaka kuchomwa sindano.

Fides akakuza. Akakuza tena. Sikio la kushoto la yule mwanamke lilikuwa limechanika ncha. Sikio hilo alilijua. Alilichezea kwa kidole akiwa mgongoni, njia nzima ya kwenda kanisani, miaka na miaka.

"Dada? Umeona nini? Mbona kama umepigwa shoti?"

Fides akagusa kioo kwa kidole. Bega lile, bega la hawara, bega lililomuua mama yake kwa majonzi, lilikuwa bega la Bibi Tabita.

Alichapa picha nzima, ukubwa wa karatasi ya kawaida, kwenye karatasi ya picha. Alhamisi asubuhi alikuwa Itaka.

Bibi Tabita alikuwa ameketi uani anachagua maharage kwenye ungo, ya wageni wa Jumamosi. Akamfurahia mjukuu wake. "Umekuja mapema, mama! Njoo unisaidie, macho yangu haya hayaoni tena mawe."

Fides hakusalimia. Katika maisha yake yote hakuwahi kufika mbele ya bibi yake bila kusema shikamoo, na siku hiyo haikutoka. Akaiweka picha juu ya maharage.

Bibi akaisogeza karibu na uso. Ungo ukainama, maharage yakadondoka chini moja moja. Halafu alisema neno ambalo Fides, hata angepewa mwaka mzima wa kubahatisha, asingelibahatisha.

"Nikodemo aliniambia atazichoma."

"Bibi! Ulimfuata?"

"Nilimfuata."

"Kumwambia nini?"

"Aseme anapiga mtu mmoja mmoja." Bibi alikuwa anaongea na picha, si na mjukuu wake. "Mguu ulikuwa unaniua, Fides. Hospitali walishindwa. Nesta akaniambia kwao kuna mganga, mbali huko ndani Zambia, njiani polisi wanataka karatasi yenye picha. Tukaenda kupiga. Mimi mkuu wa akina mama, mume wangu mzee wa kanisa! Ningejulikana nimekwenda kwa mganga ningetengwa, meza ya Bwana ningeisikia kwa watu. Nesta akaniapia hatasema."

"Na hakusema."

"Hakusema."

"Walimuuliza mbele yako! Mtu gani, mtu gani, na wewe umekaa palepale!"

"Aliniangalia mara moja tu. Nikatazama chini." Bibi akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nilidhani hasira za baba yako zitapoa nimrudishe. Nilijiambia baada ya mavuno. Halafu baada ya Pasaka. Halafu wakaja kusema amekufa."

Fides alikuwa amesimama tu, hana pa kushika. Kwa hiyo viatu vile vya Krismasi! Ada zile za shule! Dunia nzima ilisifu huruma ya bibi, na bibi alikuwa anajua tangu siku ya kwanza kwamba analea mjukuu wake halali. Alimpenda huyu mwanamke kuliko mtu yeyote aliye hai. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Mjukuu wangu," Bibi akasema kwa sauti ya chini, "wewe ndiye unayeijua ile mashine. Baba yako mwambie tu Nikodemo alikuwa anakalisha wawili. Ataelewa. Lakini mimi nikate. Niache bega, kama zamani. Nimebakiza siku ngapi?"

"Bibi..."

"Nikate, Fides."

Na ingewezekana. Angerudisha tiki moja tu, mashine ingemtupa Bibi nje yenyewe, wala Fides asingehitaji hata mkasi. Jonasi angeposa, Baba angekaa, Bibi angeendelea kuitwa mama mwenye moyo. Na Nesta angebaki palepale alipoachwa, na mtu tu asiye na jina.

Kabla Fides hajajibu, Osward alikuwa ameshaingia uani na jembe begani, mabuti yamejaa matope. Akaona mama yake analia, akaona karatasi, akaja akaichukua kwenye ungo.

Jicho lake lilikwenda kwenye koti. Hata Nesta hakumwangalia, alikwenda moja kwa moja kwenye kile kifungo.

"Huyu hapa!" alipiga kelele, na kidole kikagonga karatasi. "Si niliwaambia? Mkasema nina wivu! Koti si hili? Na kamshika kabisa, angalieni mkono, kamshika bega! Huyu hapa mwanamume wake!"

Kuku walikuwa wanadonoa maharage chini na hakuna aliyewafukuza. Kidole cha Osward kikapanda kutoka kwenye kifungo mpaka kwenye ukosi, kikafika shingoni, kikafika kwenye kitambaa cha kichwa. Kikasimama kwenye sikio.

Jembe likaanguka.

"Mama?"

"Ndiyo, baba."

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Nilikuwa naogopa ile kamera. Mkeo alinishika nisitetemeke."

Osward akatazama picha, akamtazama mama yake, akarudi kwenye picha. Akakaa chini kwenye udongo na mabuti yake, mtu mzima mwenye mvi.

"Sikwenda hata kumzika," alisema. "Walileta taarifa, nikasema wakamwite mwenye koti akazike."

Bibi Tabita akajifunika uso. Fides alisikia sauti ya kilio, akadhani ni ya Bibi, kumbe ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa ameisubiri siku ya baba yake kujua kweli tangu alipojua maana ya neno koti, na aliwaza siku hiyo atacheka, atawasuta, atapiga vigelegele peke yake. Badala yake alikuwa anamlilia mwanamke wa kwenye picha, anayetabasamu bila kujua mkono wake unamponza.

Baadaye Osward akajipangusa pua kwa mkono wenye matope. Hakumtazama Fides usoni. "Mwanangu," alisema, kama mtu anayejaribu lugha ya kigeni. "Hao wageni wa Jumamosi wanafika saa ngapi?"

"Saa nne, Baba."

"Nitakuwepo."

Bibi akatoa kitenge usoni. Alikuwa amezeeka ndani ya asubuhi moja. Akanyoosha mkono kuushika upindo wa gauni la mjukuu wake, na Fides hakuuondoa, wala hakuupokea.

"Na mimi, mama? Siku hiyo mbele za watu, mimi nitakaa wapi?"

Fides akainama, akaiokota picha mapajani mwa baba yake, akaipangusa udongo kwa kiganja, kingo mpaka kingo.

"Utakaa mbele, Bibi," alisema. "Tutaiweka mezani, na wewe utakaa karibu nayo."